Usafi wa Chakula Tunachokula Kazini: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano wa Tawi



Katika mkutano uliopita mlituchagua watu watatu twende tukaangalie habari ya chakula tunachokula karibu na karakana na katika mitaa yetu ya Eastlands, kisha turudi tuwaambie. Tumekwenda, tumetazama, tumeuliza, na leo tumekuja na jibu. Sisi si madaktari wala mabwana afya. Ni watu wa reli, na elimu yetu ni ile ya shule ya msingi ya misheni. Kwa hiyo tutasema kwa maneno mepesi, na tukikosea mahali mtatusahihisha.

Mwakumbuka sababu ya kuchaguliwa kwetu. Wakati wa mvua zilizopita, siku ya Jumanne, wenzetu tisa wa zamu ya asubuhi walikula maharagwe na chapati katika kibanda kimoja kilicho karibu na lango. Usiku ule ule wakaanza kutapika na kuhara. Saba walirudi kazini baada ya siku mbili au tatu. Wawili walilazwa. Mmoja wa hao wawili ni kibarua, na kila mtu ajua kibarua asipofika kazini halipwi. Alikosa mshahara wa siku sita, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba akamkuta hana kitu mkononi.

Katika mkutano ule maneno yalikuwa makali. Wengine walisema kibanda kile kivunjwe na mama yule afukuzwe. Wengine wakajibu, "La, mama ana cheti, tumekiona ukutani kwa macho yetu, basi hana kosa." Kidogo tugawanyike. Ndipo mzee mmoja akauliza, "Cheti hicho chasema nini hasa?" Hakuna aliyejua. Hilo ndilo swali tulilotumwa nalo.

KARATASI ZILIZO UKUTANI

Tulikwenda kwa mama yule saa tisa, wateja wakiwa wamekwisha kuondoka. Akatupokea: "Karibuni, wazee." Tukamwambia, "Asante, mama. Hatukuja kukukamata wala kukugombeza. Tumetumwa na wenzetu tujifunze." Akanyamaza kidogo, kisha akatutolea viti. Alikuwa amekwisha kusikia ya kuwa watu wa chama wataka kumwondoa.

Karatasi zake zote zilikuwa sawa. Kulikuwa na leseni ya biashara, ruhusa ya afya ya mahali pa kuuzia chakula, na vyeti vya afya viwili, kimoja chake na kimoja cha msichana amsaidiaye. Hazikuwa za bandia, wala muda wake haukuwa umekwisha.

Sasa tueleze kila karatasi. Katika Kenya kuna Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, na Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura 254. Chini ya hiyo ya pili kuna Kanuni za Usafi wa Chakula za mwaka 1978. Kanuni hizo zasema mtu asiuze chakula mahali pasipo na ruhusa ya wakuu wa afya, na mahali penyewe pawe na maji safi na pa kunawia mikono. Tangu Katiba ya 2010, kazi ya kutoa leseni kwa wauzaji wa chakula na kuwaangalia ni ya serikali ya kaunti. Kwa hiyo bwana afya anayepita Kaloleni, Makadara, Jericho au Gikomba ametumwa na kaunti. Akiona uchafu aweza kutoa ilani ya kuuondoa, na mtu asipotii aweza kumpeleka kortini.

Leseni na ruhusa, basi, zahusu mahali. Cheti cha afya chahusu mtu. Mwenye kushika chakula hupimwa kila miezi sita, na katika kupimwa huko choo chake huangaliwa kama kina vijidudu vya homa ya matumbo na maradhi mengine. Huenda mtu akauliza, kwa nini kumpima mtu mzima mwenye nguvu zake? Sababu ni hii. Katika mji wa New York alikuwako mpishi mwanamke, jina lake Mary Mallon. Hakuwa mgonjwa hata kidogo, lakini katika nyumba alizopika watu waliugua homa ya matumbo. Mwaka 1907 wakuu wa afya walimpima wakaona anazo mbegu za homa hiyo tumboni mwake. Wakamweka peke yake mpaka 1910, wakamwachilia kwa ahadi ya kutopika tena. Mwaka 1915 wakamkuta anapika katika hospitali kwa jina jingine. Wakamrudisha kule kule, akakaa hadi kufa kwake mwaka 1938. Kwa hiyo kupimwa si mchezo. Mtu anayenunua cheti kwa kutoa kitu kidogo, bila kupimwa, amewauzia wateja wake hatari.

Lakini angalieni mpaka wa cheti hicho. Chasema kwamba mama huyu, siku ile aliyopimwa, hakuonekana na maradhi hayo. Hakisemi kama leo asubuhi amenawa mikono. Hakisemi maji yake yametoka wapi. Hakisemi maharagwe yalipikwa lini.

TULIYOYAONA JIKONI

Mama alitufungulia jiko lake bila kuficha kitu, na kwa hilo twamheshimu. Tuliona mambo matatu.

La kwanza ni maji. Mfereji wa pale hautoi maji kila siku. Hununua mitungi ya lita 20 kwa mtu wa mkokoteni, na hajui mtu huyo ameyateka wapi. Mtungi mmoja hutumika kupikia, kuoshea sahani na kunawia. Maji ya kuoshea sahani yalikuwa katika karai moja, na kufika saa saba yalikuwa yamekuwa kama mchuzi.

La pili ni mikono. Kulikuwa na bakuli la wateja kunawa, lakini sabuni haikuwako. Msichana alipokea fedha, akakata chapati, akapokea fedha tena, kwa mkono ule ule.

La tatu ni sufuria. Maharagwe huchemshwa jioni ili kuokoa wakati wa asubuhi. Hulala ndani ya sufuria mpaka kesho, kisha hupashwa moto. Tuliuliza, "Hupashwa mpaka yachemke?" Akasema, "Yakishapata joto yanatosha, wazee, makaa ni ghali."

Hapo ndipo palipo na hatari kubwa. Shirika la Afya la Dunia lilitoa mafundisho matano ya usafi wa chakula mwaka 2001, nayo ni haya: safisha mikono na vyombo, tenga chakula kibichi na kilichopikwa, pika mpaka kiive barabara, weka chakula katika moto au baridi ya kutosha, tumia maji na vyakula vilivyo salama. Vijidudu huzaana upesi katika chakula kilicho vuguvugu, yaani kati ya digrii 5 na digrii 60 za sentigredi. Kwa hiyo chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kikingojea kuliwa, kiwe kwenye moto kupita digrii 60. Kikipashwa, kipashwe mpaka kichemke chote, chini na juu. Sufuria ya maharagwe iliyolala usiku kucha jikoni imevuka mafundisho hayo.

Hatuwezi kuapa kwamba sufuria ile ndiyo iliyowaangusha wenzetu, kwa maana chakula cha siku ile hakikupimwa na mtu. Lakini twaweza kusema hivi: karatasi zote zilikuwa sawa, na jikoni mlikuwa na njia tatu za kumpa mtu ugonjwa.

Wala msidhani ni vibanda tu. Mwaka 2017 kipindupindu kiliingia Nairobi, na kikawapata hata watu waliohudhuria mikutano katika hoteli kubwa, waliokula kwa uma na kitambaa cheupe. Mwezi wa Julai mwaka huo Waziri wa Afya, Cleopa Mailu, alifunga hoteli mbili, akatangaza kwamba vyeti vya wenye kushika chakula vimefutwa na kwamba wote wapimwe upya katika muda wa siku 21. Ukubwa wa hoteli haukuuzuia ugonjwa.

BEHEWA NA KADI YAKE

Sisi watu wa reli jambo hili twalijua vizuri kuliko wengi. Kabla ya gari la mizigo kuondoka, mkaguzi hupita na nyundo yake. Hugonga magurudumu na kusikiliza, hutazama breki na vyuma vya kuungia. Akiona ubovu haendi kuandika katika kitabu cha ofisini peke yake. Huandika kadi na kuifunga ubavuni mwa behewa lenyewe, ikisema kasoro ni nini. Kila apitaye pale, dereva, mwashiriaji, hata kibarua wa kupakia, aisoma na kujua kwamba behewa hili ni gonjwa, lisiende. Nalo likitengenezwa, kadi huondolewa.

Bwana afya naye hukagua. Lakini aliyoyaona huenda nayo katika faili. Mlaji, ambaye tumbo ni lake, hana njia ya kuyasoma. Tulizunguka Burma, Shauri Moyo, Maringo na Muthurwa, na hatukuona hata mlango mmoja uliobandikwa matokeo ya ukaguzi.

Ziko nchi ambazo mambo haya yamefanywa kama kadi ya behewa. Katika Uingereza, tangu mwaka 2010, huko England, Wales na Ireland ya Kaskazini, mkaguzi wa halmashauri hufika bila kutoa habari mbele, kisha hutoa daraja kutoka 0 mpaka 5. Sifuri maana yake hali ni mbaya, yahitaji kutengenezwa mara moja. Tano maana yake usafi ni mzuri sana. Kibandiko chake ni cha kijani na cheusi, nacho huwekwa mlangoni.

Daraja hilo hupatikanaje? Mkaguzi huangalia mambo matatu. Kwanza, jinsi chakula kinavyoshikwa: kupikwa, kupashwa, kupozwa, kuwekwa. Pili, hali ya jengo: usafi, mwanga, hewa, mahali pa kunawia, panya na mende. Tatu, uongozi wa mwenye mahali: je, ajua hatari za kazi yake, amewafundisha watu wake, na aandika anayoyafanya? Utamu wa chakula haumo katika hesabu, wala uzuri wa viti.

Kila jambo hupewa alama za makosa, na alama zikizidi ndivyo hali ilivyo mbaya. Ili mtu apate daraja la 5, jumla yake isizidi 15, na tena pasiwe na jambo hata moja lililozidi alama 5. Mathalani, mtu amepata 0 katika chakula, 0 katika jengo, na 10 katika uongozi. Jumla yake ni 10 tu, lakini hapati 5, apata 4. Kwa nini? Kwa sababu uzuri wa jambo moja hauruhusiwi kuficha ubaya wa jingine. Ndivyo ilivyo kwa behewa. Rangi mpya haiponyi breki mbovu.

Mwenye hoteli naye hakunyimwa haki. Akiona ameonewa, ana siku 21 za kukata rufani. Akiisha kutengeneza makosa yake, aweza kuomba akaguliwe upya. Tena aweza kuandika maelezo yake mwenyewe, yakatangazwa pamoja na daraja.

Mji wa New York nao ulianza mwaka 2010, lakini wao hutumia herufi. Mwenye alama za makosa 0 mpaka 13 hupata A. 14 mpaka 27 hupata B. 28 na zaidi hupata C. Herufi hubandikwa mbele ya mlango, mtu aione kabla ya kuingia.

Kuna funzo moja hapa, ndugu zetu. Katika Wales sheria ilimlazimisha kila mwenye mahali kubandika daraja lake tangu Novemba 2013, na Ireland ya Kaskazini tangu Oktoba 2016. Katika England hakulazimishwa mtu. Basi mwenye 5 hulibandika kwa furaha, na mwenye 1 ana ruhusa ya kuliweka ndani ya sanduku. Kipimo kisichoonyeshwa na wote humsaidia mlaji nusu tu.

HOFU MBILI, NA DENI LETU

Tulipoyazungumza haya na wazee wa mtaa, walitupa hofu mbili, na zote ni za kweli.

Hofu ya kwanza ni rushwa. Ikiwa cheti kimeweza kununuliwa, daraja nalo si litanunuliwa? Jibu letu ni kwamba kitu kilichobandikwa mlangoni ni kigumu kukiuza kuliko kitu kilichofichwa. Mlango ukiandikwa 5 na sisi tunaona karai la maji machafu, watu mia kwa siku watauliza maswali. Karatasi ya ndani ya faili haiulizwi na mtu.

Hofu ya pili ni ya mama mwenyewe. Alituambia, "Wazee, mkileta hiyo namba, mimi nitapata sifuri hata nikikesha nikisugua. Maji sina." Neno hili lilituingia. Mtu hawezi kunawa kwa ilani. Kama kaunti yataka daraja, ilete maji kwanza, na choo, na mahali pa kumwaga taka, ndipo ihesabu makosa. Kumpa sifuri mtu aliyenyimwa mfereji ni kumpiga mara mbili.

Na hapa, Bwana Mwenyekiti, tuna neno ambalo si tamu. Mama alitoa daftari lake la madeni. Alikuwa amelifungua kwenye ukurasa wa mwezi uliopita, wala hakusema neno. Tuliyasoma majina, na mengi ni ya watu waliomo katika chumba hiki. Wengine wamekula tangu miezi mitatu hawajalipa. Jina la mmoja wetu watatu lilikuwamo, naye amekwisha kulipa. Mtu asiyelipwa fedha zake atanunuaje makaa ya kuchemsha sufuria mara mbili? Atanunuaje sabuni? Tulisema kibanda kivunjwe, kumbe sehemu ya makaa yaliyokosekana ilikuwa mifukoni mwetu.

Hatusemi haya ili kumtoa mama katika lawama. Mwenye kuuza chakula abeba maisha ya watu, naye amekubali hivyo. Siku hizi maharagwe huchemshwa alfajiri, na yakibaki jioni hayauzwi kesho. Hilo amelifanya yeye mwenyewe kabla hatujarudi mara ya pili. Lakini tusimtake abebe peke yake mzigo ulio wa watu watatu: wake, wetu, na wa serikali.

MAAZIMIO TUNAYOYALETA

Twaomba mkutano uyakubali haya manne.

Moja: kila mwanachama mwenye deni katika vibanda vya karibu alipe kabla ya tarehe tano ya mwezi ujao. Mwenye shida ya kweli aje kwa kamati aseme.

Mbili: tawi lichange fedha za kununua mapipa mawili yenye mfereji, moja la kibanda kile na moja la kibanda cha upande wa pili, pamoja na sabuni. Pipa moja liwe la kunawa tu. Bei tumeuliza, na mtunza hazina anayo.

Tatu: kamati iwaandikie wakuu wa afya wa kaunti, kwa heshima, kuomba mambo mawili pamoja: maji katika mitaa yetu, na matokeo ya kila ukaguzi yabandikwe mlangoni, kwa vibanda na hoteli kubwa sawasawa, pamoja na sababu zake na haki ya kukaguliwa upya.

Nne: mpaka siku hiyo ifike, kila mmoja wetu awe mkaguzi wa tumbo lake. Kabla ya kuagiza, tazama vitu vitatu. Je, chakula chatoka motoni kikifuka mvuke, au kimepoa? Je, pana maji yanayotiririka na sabuni, kwako na kwa mpishi? Je, mkono unaoshika fedha ndio unaoshika chakula? Ukiona kasoro, sema kwa adabu: "Mama, naomba uchemshe tena." Hakuna mpishi mwema atakayekasirika.

Na mtu akiugua asingoje. Mwenye kuhara hufa kwa kukosa maji mwilini, na kipindupindu chaweza kumwua mtu kwa saa chache. Mkiwa njiani kwenda kwa daktari, mpeni maji haya: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa kupita kiasi, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, bila kuacha. Kisha mjulisheni katibu wa tawi siku ile ile, ili kama kuna sufuria ya kutazamwa itazamwe kabla haijaoshwa.

Ndugu yetu kibarua aliyekosa siku sita yuko hapa leo, amekaa karibu na mlango. Kamati imechanga ya kumsaidia kodi, lakini siku zile sita hazirudi. Twawaomba mkipiga kura juu ya maazimio haya mmkumbuke yeye, na mmkumbuke mama yule ambaye kesho saa kumi na moja alfajiri atakuwa anawasha jiko kwa ajili yetu.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wajumbe wenu watatu, wa idara ya mabehewa.